Kuchachusha Kinywaji cha Tangawizi: Hesabu ya Sukari Kabla ya Kufunga Chupa

Maelekezo mengi ya kutengeneza kinywaji cha tangawizi kilichochachushwa humalizika kwa idadi ya siku: acha siku mbili, au tatu, au tano, kisha weka kwenye friji. Sikubaliani na utaratibu huo, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Hesabu ya siku peke yake haimwambii mtu jambo la maana, kwa kuwa kasi ya uchachu hutegemea joto la chumba, uhai wa chachu, kiasi cha sukari na hata ukubwa wa chombo. Kinywaji kilichohitaji siku nne katika chumba chenye nyuzi joto 20 za Selsiasi kinaweza kuwa tayari chini ya siku mbili katika nyuzi 30, na anayefuata siku bila kutazama dalili ataishia ama na maji matamu yasiyo na gesi, ama na chupa iliyopasuka. Kinachotawala kazi hii tangu mwanzo hadi mwisho ni sukari: imetiwa kiasi gani, hamira imekwisha kula kiasi gani, na kiasi gani kimebaki ndani ya chupa wakati kifuniko kinapofungwa.

Nitaanza na chachu, yaani mchanganyiko wa tangawizi, maji na sukari unaobeba hamira hai, kwa sababu bila chachu hai hakuna hesabu ya kufanya. Tangawizi ni shina linalotambaa chini ya udongo, na ganda lake hubeba hamira za asili pamoja na bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, ile asidi inayoyapa maziwa ya mgando ukali wake. Kutengeneza chachu ni kuwapa viumbe hao maji na sukari, na kuwaacha waongezeke mpaka wawe wengi kiasi cha kuwazidi nguvu viumbe wengine ambao hatuwahitaji. Mimi huanza na gramu 20 za tangawizi iliyooshwa kwa maji matupu na kukwaruzwa pamoja na ganda lake, gramu 20 za sukari, na nusu lita ya maji, vyote katika mtungi wa kioo wenye mdomo mpana. Kila siku inayofuata huongeza gramu 10 za tangawizi na gramu 10 za sukari, nikakoroga kwa nguvu, kisha nikafunika kwa kitambaa safi kilichobanwa kwa mpira. Kitambaa hicho kiwe na ufumaji wa karibu, kwani nzi wadogo wa matunda huvutwa na harufu ya uchachu na huja na bakteria wa siki miguuni mwao. Chachu iliyotembelewa na nzi hao ikiwa wazi huelekea kuwa siki kabla haijafaa kwa kinywaji.

Maji yanastahili neno moja. Maji yaliyotiwa dawa ya klorini kwa ajili ya kuua vijidudu hayawezi kuchagua kijidudu cha kuua, kwa hiyo ni vyema kuyachemsha na kuyaacha yapoe kabisa kabla ya kuyatumia. Tangawizi nayo si ya aina moja. Baadhi ya tangawizi inayosafirishwa mbali hupigwa mionzi ili isichipue na isioze njiani, na matibabu hayo huwapunguza mno viumbe tunaowategemea. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua ile yenye macho yanayoanza kuchipua, kwa maana tangawizi inayochipua ni tangawizi iliyo hai, na mara nyingi ganda lake nalo huwa limebaki na uhai wake.

Dalili za chachu iliyokomaa zinahitaji kutazamwa kwa karibu, na hapa ndipo ninapowasihi wanaoanza wasiwe na haraka. Mapovu ya siku ya kwanza au ya pili hayatoshi kuwa ushahidi, kwa sababu bakteria wa kila namna huweza kutoa gesi kabla asidi haijaongezeka na kuwanyamazisha. Mara nyingine mapovu hayo hupotea siku moja nzima kisha yakarudi, na anayeona ukimya huo humwaga chachu iliyokuwa karibu kabisa kukomaa. Ninachotazama ni nyuzi za tangawizi zenyewe. Mwanzoni hutulia chini ya mtungi, lakini hamira inapoanza kufanya kazi viputo vidogo hunasa katikati ya nyuzi na kuziinua hadi zikawa tabaka moja juu ya maji; nikizikoroga hushuka, na baada ya dakika chache huanza kupanda tena, moja moja, kila mmoja ukiwa na shanga za hewa ubavuni. Maji yaliyokuwa angavu hugeuka meupe na mazito kwa macho. Nikisogeza sikio kwenye mdomo wa mtungi mara baada ya kukoroga, husikia mchakarisho mwembamba wa viputo vinavyopasuka kwa mfululizo. Harufu ya tangawizi mbichi hupungua makali na nyuma yake hutokea harufu ya matunda yaliyoiva. Dalili ninayoiamini kuliko zote, hata hivyo, iko ulimini: nikionja kijiko kimoja kabla ya kuongeza sukari ya siku hiyo, nikakuta utamu wa jana umekwisha na mahali pake pameshikwa na ukali mwepesi, najua kwamba sukari inaliwa kwa kasi ile ninayoihitaji. Katika chumba chenye joto la wastani hali hiyo hufikiwa kati ya siku ya tano na ya saba. Penye baridi huchukua muda mrefu zaidi.

Ushirika huu wa hamira na bakteria ulichunguzwa kwa makini tangu zamani. Mwaka 1892 mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Harry Marshall Ward, alichapisha utafiti wake juu ya punje laini za utelezi ambazo watu walizitumia majumbani kuchachusha bia ya tangawizi na ambazo waliziita mmea. Alionyesha kuwa hazikuwa mmea hata kidogo: zilikuwa ni hamira na bakteria walioshikamana, na kila upande ulifanya kazi yake vizuri zaidi ukiwa na mwenzake. Ward aliwatenganisha viumbe hao, akawakuza kila mmoja peke yake, kisha akawarudisha pamoja na kuziunda upya punje zile. Chachu ya kukwaruza tangawizi ninayoieleza hapa haina punje hizo, lakini ushirika wenyewe ni wa jinsi ileile, na ndio unaokipa kinywaji ukali wa asidi pamoja na gesi. Kwa sababu hiyo sipendelei hamira ya mkate kwa kazi hii. Inafanya kazi, tena kwa haraka sana, na kwa anayehitaji kinywaji kesho yake robo ya kijiko cha chai inatosha kwa lita 4. Lakini hamira hiyo huja peke yake bila bakteria wa asidi ya laktiki, na kinywaji chake hubaki kitamu chenye gesi na harufu ya unga ulioumuka, bila kile kina cha ladha kinachomfanya mtu arudie gilasi ya pili.

Sasa tangawizi ya kinywaji chenyewe. Wengi hudhani kwamba kuongeza ukali ni kuongeza tangawizi tu, kumbe namna ya kuitayarisha ina nguvu sawa na wingi wake. Ukali wa tangawizi mbichi hutokana hasa na kemikali iitwayo jinjeroli. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli hupoteza maji na kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi, na ndiyo sababu unga wa tangawizi kavu huunguza koo kuliko tangawizi mbichi. Ikichemshwa kwa muda, sehemu nyingine ya jinjeroli hugeuka kuwa zinjeroni, yenye ukali mdogo na harufu tamu ya viungo. Kwa hiyo anayechemsha tangawizi yote kwa saa nzima hupata kinywaji cha harufu nzito na moto mdogo, na anayetumia mbichi yote hupata moto wa haraka usio na uzito nyuma yake. Mimi huigawa mara mbili. Kwa mchanganyiko wa lita 4 hutumia gramu 200: gramu 100 nazikata vipande vyembamba na kuvichemsha kwa moto mdogo katika lita moja na nusu ya maji kwa dakika 20, na gramu 100 zilizobaki nazitwanga kwenye kinu na kuzikamua kwa kitambaa, maji yake nikiyatia baada ya sufuria kupoa. Maji hayo ya kukamua yakiachwa yatulie, huacha tope jeupe chini ya bakuli. Huo ni wanga wa tangawizi, hauna madhara, lakini nikiuacha nyuma kinywaji huwa safi zaidi machoni.

Katika maji ya moto yaliyochujwa ninayeyusha gramu 320 za sukari, yaani gramu 80 kwa kila lita ya mchanganyiko, kisha naongeza maji baridi yaliyochemshwa awali. Mchanganyiko unapokuwa chini ya nyuzi 30 ndipo natia maji ya tangawizi mbichi, mililita 120 za maji ya limau na mililita 250 za chachu iliyochujwa, na mwisho nafikisha ujazo wa lita 4. Kutia chachu katika maji ya moto ni kuiua, na hakuna njia ya kuifufua. Limau nalo ninalitia mapema kwa sababu ya usalama zaidi ya ladha: bakteria anayesababisha sumu hatari ya botulini haoti katika kimiminika chenye pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi) iliyo chini ya 4.6, na limau hukishusha kinywaji chini ya hapo tangu saa ya kwanza, kabla bakteria wetu wa asidi ya laktiki hawajapata nafasi ya kufanya kazi hiyo wenyewe. Natumia mizani ya jikoni kwa kila kitu. Kikombe cha sukari hutofautiana kwa jinsi kilivyojazwa, na katika jambo linalohusu mgandamizo ndani ya chupa sitaki tofauti hiyo.

Hapa tumefika kwenye hesabu. Hamira hula sukari na kuitoa katika sura mbili, ethanoli ambayo ndiyo kileo, na gesi ya kaboni dayoksaidi, na uzito wa sukari iliyoliwa hugawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya hizo mbili. Gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za gesi. Soda yenye gesi nyingi huwa na takriban gramu 7 hadi 8 za gesi katika kila lita. Maana yake ni kwamba ili kinywaji chetu kichemke gesi kama soda, hamira inahitaji kula gramu 15 tu hivi za sukari kwa kila lita baada ya chupa kufungwa. Lakini chupa yetu ina karibu gramu 80 kwa lita! Iwapo itaachwa mezani mpaka sukari yote iliwe, gesi itakayotengenezwa ni gramu 40 kwa lita, mara tano ya ile ya soda, na hakuna chupa ya kawaida ya kioo inayoweza kuizuia gesi hiyo. Yeyote aliyewahi kusikia habari za chupa kupasuka kabatini asidhani kwamba ni ajali isiyo na maelezo. Ilikuwa imeandikwa kwenye hesabu tangu siku sukari ilipopimwa.

Kwa hiyo kazi yote ya kinywaji kitamu chenye gesi ni kuisimamisha hamira ikiwa imekula sehemu ndogo ya sukari, na chombo ninachokitegemea kuisimamisha jikoni ni baridi. Ninaacha mchanganyiko katika chombo kilichofunikwa kwa kitambaa mpaka duara la povu jeupe lijitokeze pembezoni na viputo vipande bila kukorogwa, kisha natia kwenye chupa nikiacha nafasi ya vidole vitatu juu. Katika kila mkupuo, chupa moja huwa ya plastiki, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya soda. Chupa hiyo ndiyo shahidi wangu. Siku ya kufunga, kidole gumba kinazama ubavuni mwake bila shida. Baadaye ubavu huanza kusukuma kidole kirudi. Siku chupa hiyo inapokuwa ngumu kiasi kwamba nikiibana kwa mkono mzima haibonyei, sawa na soda ambayo haijafunguliwa, basi chupa zote pamoja zinaingia kwenye friji saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Penye joto ninaibana asubuhi na jioni. Penye joto kali zaidi, kila baada ya saa chache. Hakuna kalenda inayoweza kuchukua nafasi ya kidole hicho.

Wengine hutegemea kufungua vifuniko kila siku ili kupunguza gesi. Sipingi kufanya hivyo kwa tahadhari, lakini ifahamike kwamba kufungua hutoa gesi iliyokwisha tengenezwa na hakugusi sukari iliyobaki. Hamira huanza tena dakika ileile, na anayesahau siku mbili anakuta kazi yake yote haikumsaidia. Aidha, mgandamizo hutegemea joto la kinywaji kwa kiasi ambacho wengi hawakifikirii. Maji yaliyo karibu na nyuzi sifuri huyeyusha kaboni dayoksaidi karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 20, kwa hiyo kinywaji kilekile chenye gesi ileile husukuma kifuniko kwa nguvu karibu mara mbili kikiwa mezani kuliko kikiwa kwenye friji. Kinywaji chenye gesi ya kiwango cha soda kikiwa katika nyuzi 20 husukuma kwa mgandamizo wa zaidi ya mara nne ya ule wa hewa ya kawaida. Ndiyo maana sifungui chupa kabla haijalala kwenye friji usiku mzima, na ndiyo maana chupa iliyopoa haifai kurudishwa juani. Chupa za kioo ziwe za mviringo, nene, zilizotengenezwa kwa ajili ya vinywaji vyenye gesi. Chupa ya mraba ina pembe, na pembe ndizo zinazoachia kwanza. Chupa za mvinyo wa kawaida au za sosi hazikuumbwa kwa mgandamizo wowote, hata zikionekana imara mkononi.

Baridi hailazi hamira usingizi wa kifo. Katika nyuzi 4 hamira hupunguza kasi sana, lakini haifi, na chupa iliyokaa kwenye friji kwa majuma matatu huwa na gesi nyingi na utamu mdogo kuliko ilivyoingia. Mimi hunywa chupa zote ndani ya majuma mawili. Asiye na friji nashauri asifunge kabisa chupa zenye sukari nyingi. Anywe kinywaji moja kwa moja kutoka kwenye chombo cha kuchachushia, siku kikiwa na utamu na ukali vilivyolingana. Gesi yake itakuwa ndogo, ila ladha ni kamili na hakuna hatari yoyote ya kioo.

Ipo pia njia ya pili, ambayo hesabu yake ni salama zaidi na ambayo haitegemei friji. Kinywaji huachwa kichachuke mpaka sukari yote iishe, katika chombo chenye kifuniko kinachoruhusu gesi kutoka bila hewa kuingia, na ukomo wake hujulikana pale kinapokauka utamu ulimini na viputo kukoma kabisa kwa siku kadhaa mfululizo. Hapo huongezwa sukari iliyopimwa, isiyozidi gramu 14 kwa lita, na chupa hufungwa. Kwa kuwa sukari iliyomo ni hiyo tu, gesi haiwezi kupita kiwango ambacho chupa nzuri hukihimili. Kinachopotea ni utamu, na kinachopatikana ni kileo kingi zaidi. Anayetaka utamu katika kinywaji hicho anaweza kutumia majani ya stevia au kitamuzi kingine ambacho hamira haiwezi kukila.

Nimegusia kileo, na sitaki kulipita jambo hili kwa kunong'ona. Kila kinywaji kilichochachushwa kwa hamira kina ethanoli. Gramu 15 za sukari zilizoliwa katika lita moja huleta takriban asilimia 1 ya kileo kwa ujazo, na zile zilizoliwa kabla ya kufunga chupa huongeza juu yake. Gramu 80 zikiliwa zote hufikisha karibu asilimia 5, kiwango cha bia ya kawaida. Ukikumbuka kwamba nchi kadhaa, Marekani ikiwa mojawapo, huchora mstari wa vinywaji visivyo vya kileo kwenye asilimia 0.5, utaona kuwa kinywaji chetu huuvuka kwa urahisi. Asiyetumia kileo kwa sababu ya imani yake au afya yake, mjamzito, na mzazi anayewapa watoto, wote wana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya gilasi kujazwa. Kwao ninatengeneza sharubati nzito ya tangawizi, sukari na limau bila chachu yoyote, nikaichanganya na maji ya gesi wakati wa kunywa. Si kinywaji kilekile, lakini ni kizuri kwa haki yake.

Kuhusu aina za sukari sina mengi. Sukari nyeupe huacha ladha ya tangawizi ikiwa wazi. Sukari guru na sukari ya kahawia huleta rangi, harufu ya molasi na madini kidogo ambayo hamira huyafurahia. Asali mbichi ina uwezo wake wa kuzuia vijidudu na huchelewesha mwanzo wa uchachu, kwa hiyo ninaitumia kwenye kinywaji na siitumii kulea chachu.

Mambo yanapoharibika, macho na pua hutoa jibu kabla ya ulimi kuhitajika. Utando mweupe, bapa, wenye mikunjo, unaotanda juu ya chachu iliyopuuzwa kwa kawaida ni hamira za aina nyingine zinazopenda hewa. Hauna sumu, ila huleta ladha ya vumbi, na unaweza kuondolewa kwa kijiko huku chachu ikilishwa na kukorogwa mara mbili kwa siku. Ukungu wenye manyoya, uwe wa kijani, mweusi au wa rangi nyingine, ni habari tofauti: hapo chachu yote humwagwa na mtungi huoshwa kwa maji ya moto, kwa sababu mizizi ya ukungu huenda mbali kuliko madoa yanayoonekana. Kinywaji kinachovutika kama ute kinapomiminwa kimetawaliwa na bakteria wanaogeuza sukari ya kawaida kuwa utelezi. Mara nyingi hali hiyo huambatana na chachu changa iliyotumika mapema, na mimi sikinywi. Harufu ya siki maana yake ni kwamba hewa iliingia kwa muda mrefu mno, na kinywaji hicho bado kina kazi nzuri kwenye kachumbari. Tope la rangi ya krimu chini ya chupa lisimtie mtu hofu, kwani ni wanga na hamira iliyotulia. Mimina taratibu na uliache chini.

Chachu yenyewe haihitaji kuanzishwa upya kila mara. Nikiisha kuchukua mililita 250, narudisha kiasi hichohicho cha maji yaliyopoa pamoja na gramu 20 za sukari na gramu 20 za tangawizi, na baada ya siku moja au mbili inakuwa tayari tena. Nisipoihitaji, naifunika kwa kifuniko kilichoachiwa kidogo na kuiweka kwenye friji, ambako hutosheka na mlo mmoja kwa juma. Siku ya kuirejesha kazini naitoa, naondoa nusu ya nyuzi za zamani ambazo zimekwisha nguvu, nailisha, na kuiacha mezani mpaka nyuzi mpya zipande juu. Zikigoma kupanda baada ya milo mitatu, naanza nyingine kwa kipande kipya cha tangawizi chenye macho yanayochipua.